Mkono wa Bango

Jumatatu, 31 Machi

Mvua toka alfajiri. Daftari hili nimelikuta kwenye begi la zamani la shule la Levina, halijaandikwa hata ukurasa mmoja, na mimi sipendi kitu kikae bure. Halafu nina jambo la kuandika. Mwanangu, anayepaka watu kucha hapa nyumbani, ametengeneza kitu ambacho mtaa wetu wote wa Chemchem haujakiona, na nisipoandika mimi mama yake, ataandika nani?

Ilikuwa hivi. Alichukua bakuli langu jeupe akatia maji ya vuguvugu. Akadondosha tone la rangi ya kucha. Tone likatanuka juu ya maji likawa duara. Akadondosha rangi nyingine katikati ya lile duara, nayo ikatanuka, kisha nyingine, duara ndani ya duara, nyekundu, nyeupe, bluu. Akachukua njiti ya ufagio akaipitisha juu ya maji taratibu, kama mtu anayeandika jina lake, na maduara yakavutika yakawa mawimbi. Akazamisha kidole. Kilipotoka, ukucha ulikuwa na mawimbi yote yale, kama yamezaliwa nao.

"Inaitwaje hii?"

"Marumaru, mama."

"Kama ile ya sakafu ya benki?"

"Hiyo ni vigae mama. Marumaru yenyewe ni jiwe. Lina mishipa ndani."

Sikungoja mvua ikatike. Nilimfunika kanga nikamzungusha nyumba hadi nyumba, nyoosha mkono waone, nyoosha tena. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya jirani yetu Gaudensia, Mama Anselm. Nimeandika hapa ili nikumbuke: mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Karanga za shambani kwetu Ntalikwa zimekomaa na shamba ni tope. Baba Levina anasema tungoje. Kungoja anakuweza yeye.

Jumamosi, 5 Aprili

Levina ameshinda kwa Mama Anselm.

Jumapili, 6 Aprili

Niseme Mama Anselm ni nani. Amehamia mwaka juzi kutoka mtaa wa Gongoni. Ni mjane, alikuwa anachapa barua kwenye ofisi mpaka akastaafu, na huyo Anselm wake na dada zake wote wako mbali. Shamba hana. Unga ananunua. Karanga ananunua zilizokwisha menywa, tena anazichagua mbele ya muuzaji moja moja. Mikono yake ni kama haijawahi kuinua kitu kizito kuliko karatasi, vidole virefu, kucha ndefu za mviringo. Mimi mikono yangu imelima heka mbili kila mwaka tangu niolewe. Kila mtu na mikono yake. Sisemi zaidi.

Leo baada ya misa Levina alinionyesha simu. Picha saba za marumaru, za kijani, za dhahabu, moja kama anga kabla ya mvua. Watu wameandika maneno ya kusifu mpaka nikahisi machozi. Nikatazama vizuri. Mikono yote ile ni ya Mama Anselm.

"Na mimi?" nikauliza, kama natania.

"Wewe mama ulikuwa shambani."

Jumatano, 9 Aprili

Levina ametuambia wakati wa kula. Anataka kuweka bango getini. Omari wa Gongoni, yule mpiga picha, atapiga picha ya mkono mmoja tu, mkubwa, na chini yake ataandika LEVINA KUCHA ZA MARUMARU. Bango likisimama wateja watajua pa kuja. Sasa hivi wanapita wanaingia saluni za mjini.

Nilifurahi mpaka nikamwongezea nyama. Baba Levina akasema, "Mkono wa nani?"

"Wowote utakaotoka vizuri," Levina akasema.

Wowote! Mtoto nimemzaa mimi, geti ni langu, bakuli ni langu, hata ufagio uliotoka zile njiti ni wangu. Bango likae mkono wa nani kama si wangu?

Alhamisi, 10 Aprili

Nimewaambia akina mama wa sokoni kwamba mkono wa bango ni wangu. Nimemwambia na muuza dagaa.

Jumamosi, 12 Aprili

Jumuiya leo ilikuwa kwa Mama Anselm. Tulisali rozari. Alishika ile rozari juu, si mapajani kama watu wote, na kila punje aliisogeza kwa ncha ya ukucha, polepole, mpaka fumbo la pili likawa refu kuliko yote matano. Kucha za zambarau na nyeupe, mawimbi matupu. Akina mama badala ya kufumba macho walikuwa wanahesabu kucha. Na ni Kwaresma.

Tulipomaliza, mmoja akasema, "Mama Levina, huo ndio mkono wa bango?"

"Hapana," nikasema. "Huo wa mazoezi."

Mama Anselm alicheka. Alicheka vizuri, bila ubaya. Hilo nalo liliniudhi.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimekaa kwenye kiti cha mteja. Nilimwambia Levina, "Mkono wa bango tuufanye leo, mvua imetulia."

Nilijiandaa. Tangu asubuhi nilijipaka mafuta, si ya dukani, mafuta ya karanga zangu mwenyewe niliyokamua, kwa sababu mtu hapeleki mikono mikavu mbele za watu. Nilipaka nikarudia. Mikono iling'aa kama maandazi.

Levina akanipaka rangi nyeupe kwanza. Haikukaa vizuri, akafuta, akapaka tena. Akatengeneza mawimbi yake majini, mekundu na ya dhahabu, mazuri kuliko yote aliyowahi. Nikazamisha kidole. Nilipotoa, yale mawimbi yaliteleza yakabaki yananing'inia kwenye kifundo cha kidole, kama utando wa maziwa ukiuinua na kijiko.

"Mama, umepaka nini?"

"Mafuta kidogo."

"Mama! Mafuta napaka mimi, pembeni kwenye ngozi, ili rangi isishike pale. Ukucha wenyewe uwe mkavu."

"Sasa ningekuja na mikono kama ya mkaa?"

Akafuta kwa asetoni, tukarudia, ikateleza tena. Mafuta yameshaingia, alisema, tuache siku nyingine. Nilimwona akitazama ukutani, upande wa kwa Mama Anselm. Labda alikuwa anatazama saa. Saa nayo iko upande ule.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Tumefunga. Mvua ndogo wakati wa Njia ya Msalaba.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka imepita salama. Mama Anselm alituletea keki. Ilikuwa kavu kidogo.

Alhamisi, 24 Aprili

Mara ya pili. Siku tatu sikugusa mafuta, mikono inawasha. Mama Anselm naye alikuwepo, amekuja "kutazama tu".

Levina akasema, "Mama, naomba maji kwenye bakuli." Alikuwa anatikisa chupa za rangi. Na mimi kwa kuwa kuna mgeni, nikachota maji ya mtungini. Nani asiyejua maji ya mtungi wangu? Ya mvua, yamekingwa safi, mtungi unakaa kivulini kwenye mchanga mbichi, mtu akinywa anashusha pumzi. Nilitaka marumaru yangu yatoke kwenye maji bora kuliko yake yeye ya bomba.

Tone la kwanza likaanguka likaganda. La pili likazama mpaka chini, likakaa pale kama punje ya dengu. Levina akachokoa kwa njiti, rangi ikajikusanya vipande vipande.

"Rangi imeharibika?" nikauliza.

Levina akatia kidole kwenye maji. "Mama, haya ni ya mtungini?"

Mama Anselm akaangua kicheko. "Mama Levina! Hayo nipe mimi ninywe! Rangi nayo inasikia baridi, jamani. Inataka maji yaliyokaa na watu."

Anafahamu yote. Maji yanatakiwa yaweje, rangi ipi inatanuka na ipi inazembea. Wiki hizi tatu amekuwa fundi. Walicheka pamoja, yeye na mwanangu, na nikacheka na mimi ili nisibaki peke yangu.

Jumapili, 27 Aprili

Tabora kila mwanamke mzima ni mama, najua. Lakini kuna mama na mama. Leo nikiwa naanua nguo nilimsikia Levina uani kwa jirani: "Mama, geuza kidogo huo mkono." Hakusema Mama Anselm. Alisema mama, vile vile anavyoniita mimi akiwa anataka kitu.

Nilianua hata nguo ambazo hazijakauka.

Omari amepangiwa Jumamosi ijayo. Mkono wa nani, sikuuliza. Jibu ninalo.

Jumatano, 30 Aprili

Jua limewaka siku nne mfululizo. Baba Levina anasema kesho ni Mei Mosi, watu wote wako nyumbani, tung'oe karanga kabla mvua haijarudi. Nikapata wazo. Nimekwenda kwa Mama Anselm nimemwomba aje atusaidie shambani.

Sikutegemea angekubali haraka vile. "Saa ngapi?" tu ndicho alichouliza.

Alhamisi, 1 Mei

Nimechoka lakini nitaandika yote.

Tulikwenda Ntalikwa, mimi, Baba Levina na Mama Anselm. Levina alibaki na mteja. Mama Anselm alikuja amevaa gauni la zamani na raba nyeupe, na kwenye kikapu alibeba michembe ya kuchemsha, vile viazi vitamu vya kukausha, na chai. Kucha zake zilikuwa za kijani na dhahabu, kazi ya juzi, kazi ya bango.

Ardhi imeanza kukauka juu lakini chini inashika. Kung'oa karanga katika udongo huo si kazi ya kuvuta tu. Unaingiza vidole chini ya shina, unalegeza, unavuta, unakung'uta, kisha unakaa chini unachambua karanga moja moja kutoka kwenye mizizi. Nilimweka mstari wa katikati, wenye udongo mgumu. Ndiyo, nilimweka. Nikamwonyesha: "Ingiza vidole hivi, jirani, usiogope."

Hakuogopa. Ukucha wa kwanza ulikatika kabla hatujafika kwenye kichuguu cha katikati ya shamba. Nilisikia ulipokatika. Akautazama, akasema "Nenda zako," akautupa, akaendelea. Nilingoja alalamike nimwambie apumzike, nionekane mwema. Hakulalamika. Alianza kuimba wimbo wa kwaya, akakosea maneno, Baba Levina akamrekebisha, wakaimba wote wawili. Saa sita tukala. Alikula michembe kwa mikono ya udongo kama sisi, akatafuna na karanga mbichi, akasema hajala karanga iliyotoka ardhini siku hiyo hiyo tangu akiwa msichana kwao Urambo.

Alasiri wingu likatokea. Tulikimbia, tukakusanya, tukafunika kwa turubai, na yeye ndiye aliyelilalia turubai upepo usilipeperushe, amelala kifudifudi anacheka, nywele zimejaa majani. Nilitazama mikono yake iliyoshika pembe ya turubai. Hakubakiwa na ukucha hata mmoja. Mikono ile ingeweza kuwa yangu.

Nilichokipanga kilikuwa kimetimia. Nilikaa nikingoja kufurahi.

Ijumaa, 2 Mei

Levina ameiona ile mikono asubuhi alipokwenda kusalimia. Alirudi ndani. Alisafisha chupa zake zote za rangi, akazipanga kwenye boksi, ndipo akasema.

"Mama, ulimwita makusudi."

"Karanga zingeoza, Levina."

"Kila mwaka tunang'oa. Umewahi kumwita?"

Nikamwambia kesho Omari anapiga picha na mkono upo, mkono wa mama yake, mkavu hauna mafuta, na maji nitachemsha mwenyewe.

Alikuja akachukua mkono wangu, akaugeuza kama mtu anayeangalia nyanya sokoni. Hakuwa amekasirika tena, na hapo ndipo niliogopa.

"Mama, kucha zako zimeliwa na kumenya karanga. Fupi. Mawimbi yanataka nafasi. Hata yakishika, kwenye bango mtu hataona kitu. Nilijua toka mwanzo."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshamwambia mpaka muuza dagaa."

Amempigia Omari simu, ameahirisha. Anangoja kucha za Mama Anselm ziote.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua, na pengine ndiyo ya mwisho. Sina la kuandika.

Jumanne, 6 Mei

Wateja wawili tu toka Jumapili. Wengine wanapita wanauliza saluni iko wapi, wakiwa wamesimama mbele ya geti letu. Bango lingekuwepo wasingeuliza. Nimekaa na hilo toka asubuhi.

Mchana nikamwona Mama Anselm uani kwake anasugua sufuria kwa jivu. Kwa nguvu! Vile vipande vya kucha vilivyoanza kuota, anavisugua! Nilivuka nikamnyang'anya.

"Lete hapa. Usiguse sufuria mpaka Juni."

"Mama Levina, umeingiwa na nini?"

"Kaa pale."

Akakaa. Nilisugua sufuria zake zote, hata ambazo hazikuwa chafu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemfulia Mama Anselm mashuka. Akina mama wa jumuiya wameniona. Mmoja kaniuliza kama nimepata kazi. Nikamwambia kuna watu wanafuga kuku, mimi nafuga kucha.

Jumatano, 14 Mei

Tulikuwa tunamenya karanga za mbegu, yaani mimi namenya, yeye amekaa mikono mapajani. Nimemkataza kugusa. Aliniambia, hivi hivi bila kunitazama:

"Nilifurahi uliponiita shambani. Tangu nihamie, nakuona unapita na jembe na mumeo, Levina anawafuata na dumu la maji. Nilikuwa nafunga dirisha."

"Unafunga dirisha kwa nini?"

"Wivu tu, Mama Levina. Wewe una mtoto wa kukuletea maji. Mimi nina hii." Akainua mikono yake. "Levina alipoishika, nilisema angalau nayo imepata kazi."

Karanga ilinidondoka. Wivu! Wa kunionea mimi! Nilitaka kumwambia kwa nini nilimwita Ntalikwa. Nikaona anajua. Alicheka vile vile alivyocheka siku ya "huo wa mazoezi".

"Ule mstari wa katikati," akasema, "ulikuwa mgumu kweli."

"Ulikuwa mgumu," nikasema. Nikamsogezea karanga za kukaanga ale.

Jumapili, 25 Mei

Jua tupu. Kucha zimefika ncha ya kidole. Nazikagua kila baada ya misa.

Ijumaa, 6 Juni

Ukucha wa kidole cha shahada ulitaka kupasuka. Nilimkaripia kama mtoto. Alikuwa amefungua kopo la maziwa kwa mkono. Kwa mkono!

Jumamosi, 14 Juni

Picha imepigwa.

Omari alikuja na kamera na maneno yake. Huyu Omari anasema babu wa babu yake alifika hapa na misafara ya zamani akiuza shanga, akaoa, akabaki, na yeye kazi ni ile ile, kuwauzia Wanyamwezi urembo. Levina akamwambia, "Leo nauza mimi, wewe piga picha."

Akachagua rangi ya udongo wa Ntalikwa, nyeupe, na dhahabu kidogo. Alitaka picha ipigwe mkono ukiwa unatoka majini, mawimbi mengine yamebaki bakulini, ili watu waelewe kazi ilivyo. Lakini meza ina mguu mfupi, bakuli lilikuwa linatikisika na mawimbi yanaharibika.

"Apatikane mtu wa kushika bakuli," Omari akasema.

Nikashika. Nilipiga magoti, nikashika bakuli langu kwa mikono miwili, nikazuia hata pumzi. Mama Anselm akazamisha vidole, akavitoa taratibu, na mimi nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote, niliyaona mawimbi yakipanda kwenye kucha zake moja moja. Ni mazuri, jamani. Mwacheni Mungu aitwe Mungu. Niliona wivu mpaka magoti yakauma, lakini sikutikisika.

Omari alitazama kwenye kamera akasema, "Safi. Tatizo, dole gumba la mama limeingia hapa kwenye ukingo wa bakuli. Jeusi, halafu ukucha umepinda."

Ule ukucha uliwahi kupigwa na mchi, Levina akiwa mgongoni. Haujanyooka tena.

"Usijali mama," Omari akaniambia, "nitalikata kwenye kompyuta. Halitaonekana."

"Kata, mwanangu," nikasema.

Levina alikuwa anafuta njiti yake. Hakuinua hata kichwa.

"Omari, ukikata hicho kidole utabaki na bango lako."

Jumamosi, 21 Juni

Bango limesimama getini. Mkono wa Mama Anselm katikati, mkubwa kama ungo, unang'aa. Na pale chini, kwenye ukingo wa bakuli, dole gumba moja jeusi lililopinda, limeshika.

Leo wamekuja wateja sita. Nimekaa getini na ungo wangu wa karanga, si kwa ajili ya bango, kuna kivuli tu. Kila anayepita anasimama. "Kucha nzuri," wanasema, kisha wanainama. "Na hiki kidole ni cha nani?" Nainua dole gumba langu bila kuacha kumenya. Wanacheka, wanaingia ndani.

Jioni Mama Anselm alitoka akasimama kando yangu, akatazama bango, mikono kiunoni.

"Mama Levina, tangu asubuhi nasikiliza. Wote wanauliza habari za dole. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mkono ni wa nani."

Nimemwambia apunguze wivu. Kisha nikamsogezea kigoda, na ungo nikauweka katikati yetu. Kucha zake zimeshapigwa picha, sasa anaweza kumenya.